Bi mkubwa kateleza kavunjika mkono: ya kufanya kabla nyonga haijafuata

Mama yangu ana miaka 66, anakaa Ngamiani hapa Tanga, na mwaka jana kaanguka uani. Hakuanguka kutoka juu ya mnazi wala hakugongwa na bodaboda, alikuwa kasimama tu anamwaga maji ya kufulia, ndala ikateleza, akatanguliza mkono kujizuia, tukasikia kitu kama kijiti kikavu kimekatika. Hospitali wakapiga eksirei, kifundo cha mkono kimevunjika, akafungwa hogo wiki sita, vidonge vya maumivu, pole mama ni ajali tu, nendeni nyumbani. Hamna hata mmoja aliyeuliza inakuwaje mtu avunjike mfupa kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, na mimi sikuuliza maana sikujua kama hilo ni swali.

Kumbe ndo swali lenyewe. Mfupa wenye afya kwa kawaida hauvunjiki kwa kuteleza ukiwa umesimama. Ukivunjika hivyo, hasa kwa mtu aliyepita miaka 50, watafiti wa mifupa hawaiiti ajali, wanaiita dalili, na ugonjwa wenyewe ni osteoporosisi, yani mifupa imeliwa kwa ndani kimya kimya kama boriti iliyoingiwa na mchwa, nje rangi safi kabisa. Hauumi. Hauna homa. Taarifa ya kwanza ndo huo mkono. Na aliyeshavunjika mara moja, hatari ya kuvunjika tena inakuwa karibu mara mbili ya mwenzake ambaye hajavunjika. Mara nyingi mkono unatangulia, uti wa mgongo unafuata, nyonga inakuja uzeeni, na nyonga ndo inayoua: huko kwenye nchi zenye takwimu nzuri, karibu mzee mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga hamalizi mwaka.

Kwa hiyo kama bi mkubwa wako yupo na hogo sasa hivi, au alishawahi kufungwa mwaka juzi mkasahau, fanya haya. Sio lazima kwa mpangilio wangu.

Kwanza elewa kinachotokea, kwa kifupi tu. Mfupa sio jiwe, una mafundi wa aina mbili, wabomoaji na wajenzi, wanakula mfupa wa zamani na kuweka mpya mwaka mzima, mpaka baada ya kama miaka 10 mifupa yako karibu yote ni mipya. Mpaka unafika miaka 30 hivi wajenzi wanakuwa mbele, hiyo ndo akiba yako. Kwa mwanamke anayewashikilia wabomoaji wasizidi ni homoni ya estrojeni. Daktari mmoja wa Boston anaitwa Fuller Albright aliliona hili miaka ya 1940, akagundua akina mama wake waliopinda migongo karibu wote hedhi imeshakoma. Estrojeni ikishuka wabomoaji wanabaki bila msimamizi, na mwanamke anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya mfupa wake ndani ya miaka mitano hadi saba ya mwanzo tangu hedhi kukoma. Wanaume nao wamo jamani, ila kwao inaenda taratibu na inachelewa.

Sasa chukua penseli. Msimamishe mama kwenye fremu ya mlango, bila ndala, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, kitabu juu ya kichwa, chora mstari na uandike tarehe. Halafu tafuta urefu wake wa zamani, sisi tuliupata kwenye kadi yake ya kliniki ya wakati ana mimba ya mdogo wangu, imehifadhiwa kwenye sanduku pamoja na hati ya nyumba. Tofauti ikifika sentimita 4 au zaidi, usiseme uzee, kuna uwezekano pingili za mgongo zimebonyea zenyewe bila mtu kuanguka wala kujua. Mama katoka na tatu na nusu. Na angalia kichwa, kama kisogo hakifiki ukutani mpaka ainue kidevu kwa nguvu, kibiongo kimeshaanza, hilo mwambie dokta.

Kingine, weka kiti, pima mita 3 sakafuni, chora chaki. Aanze kakaa, asimame, aende mpaka kwenye chaki kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Hesabu kwa simu. Ikifika sekunde 12 au kupita, huyo yuko kwenye hatari ya kuanguka, na mfupa dhaifu bila kuanguka mara nyingi unajikalia tu.

Halafu muulize maswali, au jiulize mwenyewe. Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza walitoa kikokotoo mwaka 2008 kinaitwa FRAX, kazi iliyoongozwa na John Kanis, kinakadiria uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10, na vitu kinavyouliza vyote unavijua bila mashine: umri, jinsia, uzito, urefu, umeshavunjika ukubwani, je mama au baba yako alivunjika nyonga, unavuta sigara, una baridi yabisi ile ya kuvimba viungo, pombe kiasi gani, na je umetumia dawa za steroidi. Hapo mwisho simama kidogo.

Maana hapa kwetu steroidi haziji kwa cheti cha daktari peke yake. Dada zetu wananunua prednisoloni na deksamethasoni dukani ili wanenepe, mashavu yajae, vidonge vyenyewe bei rahisi, hamna anayewaambia kwamba mashavu yanajaa huku mifupa inaliwa. Prednisoloni miligramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu inatosha kuleta madhara. Na zile dawa za unga za maumivu ya miguu ambazo mzee akinywa tu kesho yake anacheza ngoma, zitilie shaka kwamba zimechanganywa na steroidi, dawa ya miti shamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Kama mtu ameshatumia muda mrefu ASIACHE GHAFLA, mwili unakuwa umeshasahau kutengeneza ya kwake, anaweza kuzimia, aende hospitali apunguziwe taratibu. Vilevile wanaotumia ARV zenye tenofoviri na wanaochoma sindano ya Depo ya uzazi wa mpango, ni kweli zinapunguza mfupa kidogo, ila faida yake ni kubwa, usiache, mtajie tu daktari ahesabu.

Ukienda hospitali

Usiende kulalamika mifupa inauma, utapewa diklofenaki utarudi. Sema hivi: "Mama alivunjika mkono kwa kuteleza akiwa amesimama, hedhi ilikoma akiwa na miaka kadhaa, kapungua urefu sentimita kadhaa, tunaomba achunguzwe osteoporosisi." Mimi nilivyosema hivyo kwenye hospitali ya pili dokta kaweka kalamu chini akaanza kuniangalia vizuri.

Kipimo chenyewe kinaitwa DXA, ni eksirei hafifu sana, unalala kitandani kama dakika 10, kinapima nyonga na uti wa mgongo. Majibu yanakuja kwa namba inaitwa T, inamlinganisha mama na msichana mwenye mifupa iliyokomaa. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mstari: kutoka -1 kwenda juu ni sawa, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, -2.5 kwenda chini ndo osteoporosisi. Mashine ni chache nchini, piga simu uulize kabla hujapanda basi. Lakini usikwame kwenye mashine. Mtu aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo anaweza kuanzishiwa dawa bila DXA, na eksirei ya kawaida ya mgongo inapigwa karibu kila hospitali ya mkoa, hata Bombo yetu ya Tanga. Kwa aliyevunjika mkono tu, kama mama yangu, daktari anajumlisha na yale maswali. Omba na damu wapime kalsiamu, figo, tezi la shingo, na watoe wasiwasi wa saratani ya uboho, maana nayo inavunja mifupa vilevile.

Ile mashine ya duara inayoshikwa mkononi au kukanyagwa mguu kwenye maonyesho, inayokuambia kwa dakika moja una upungufu wa kalsiamu halafu pembeni kuna kopo la elfu themanini… pita.

Tena tuongelee hilo kopo. Watu wakisikia mifupa wanawaza kalsiamu peke yake. Kuna mtafiti anaitwa Ann Prentice, kafanya kazi miaka mingi kijiji cha Keneba huko Gambia, wanawake wa pale wanakula kalsiamu kama theluthi tu ya kiwango wanachopangiwa wazungu. Wakawapa wajawazito miligramu 1500 kila siku kuanzia wiki ya 20 ya mimba mpaka kujifungua, wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu. Ungetegemea waliopewa watoke na mifupa kama chuma. Matokeo yakatoka 2010, waliopewa kalsiamu ndo wakaonekana na mfupa mdogo zaidi kwenye nyonga baada ya kuzaa, kama vile mwili uliozoea kubana matumizi umechanganyikiwa kupewa mshahara mkubwa ghafla. (Wajawazito msiache vidonge vya kalsiamu mlivyopewa kliniki, vile vina kazi nyingine ya kuzuia kifafa cha mimba.) Na Marekani kwenye utafiti wa VITAL watu 25,871 walifuatiliwa, waliomeza vitamini D kila siku miaka kama mitano hawakuvunjika mifupa kidogo kuliko wasiomeza, majibu yalitoka 2022. Hao walikuwa watu wazima wa afya, sio mzee aliyefungiwa ndani. Vidonge vina watu wake, daktari akishapima akaona upungufu, au anapoanza dawa ya mifupa. Sio peremende.

Chakula basi. Mama wa umri huo anatakiwa kama miligramu 1200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina kama 300, mtindi hivyohivyo, na maziwa Tanga sio kitu cha kutafuta kwa tochi, anayejaa tumbo akinywa fresh ahamie mtindi. Dagaa ndo mfalme, ila kwa sababu unamla na mifupa yake, ukikaa kuwachambua unabakiza nyama tu umetupa kalsiamu kwa paka. Ufuta ambao haujakobolewa, kijiko kimoja cha chakula kina kama 80 mpaka 90, kashata za ufuta zinasaidia ila sukari yake uiangalie. Mchicha mzuri kwa mengine, kalsiamu yake nyingi imeshikwa na asidi ya oksaliki haiingii mwilini, sukuma wiki inaachia vizuri zaidi. Ng'onda na papa wa chumvi punguza, chumvi nyingi inatoka na kalsiamu kwenye mkojo. Na kitu ambacho mi niliona nyumbani kikanisikitisha: wajukuu wanakula samaki, bibi anajisemea ameshiba, usiku anakunywa chai ya rangi na boflo. Mfupa ni protini pia, sio chokaa tupu. Wazee wetu wengi wanakonda kwa ustaarabu.

Jua. Sisi tuko digrii 5 kusini ya ikweta jua limejaa, ila kuna wamama hawaligusi, asubuhi ndani, akitoka kavaa buibui na soksi, jioni barazani kivulini. Na lile jua la saa moja asubuhi tunalosifia halitengenezi vitamini D ya maana. Kanuni rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua linafanya kazi, kwetu hapa ni kama kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa tisa. Mama anakaa uani, geti limefungwa, kanga kifuani, mikono na miguu wazi, dakika ishirini hivi siku tatu nne kwa wiki, anachambua mchele wake. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe ila sio mpaka uungue. Mwenye ualbino hii haimhusu kabisa, huyo ajikinge na jua na vitamini D aipate kwa kidonge.

Mazoezi ndo penye ubishi. Mfupa unajijenga ukibebeshwa, wanaanga wakikaa angani bila uzito wanapoteza kama asilimia moja ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Kwa hiyo baiskeli yako ya Tanga uliyoipenda toka utoto inasaidia moyo na mapaja, mfupa haiubebeshi, na kuogelea Raskazone hivyohivyo. Kutembea ni bora kuliko kukaa ila peke yake haitoshi. Profesa Belinda Beck wa Australia aliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua, kundi moja likanyanyua vyuma vizito na kuruka, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane, mbele ya mwalimu. Watu walidhani watavunjika. Uti wa mgongo wao ukaongezeka kama asilimia 3, kundi la mazoezi mepesi likapungua. Sasa usimpe mama ndoo ya lita 20 kichwani kesho, hao walifundishwa pozi hatua kwa hatua na pingili zao zilikaguliwa kwanza. Sisi tulianza na kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara kumi asubuhi mara kumi jioni, kusimama kwa vidole vya miguu kashika sinki, kusimama mguu mmoja huku chai inachemka, baada ya mwezi akashika vidumu viwili vya lita 3 vyenye maji wakati wa kusimama. Sekunde zake za mita 3 zimetoka 14 mpaka 10.

Kitu cha kuacha kama mgongo umeshaanza kubonyea: kuinama kwa mbele huku una mzigo. Na hapo inaingia mbuzi ya nazi. Angalia mkao, umekaa chini kabisa, mgongo umekunjwa, unasukuma kwa mabega, nazi tatu za wali. Mama aliniambia bora nimkataze kuswali kuliko kukuna nazi, tukagombana wiki nzima, tukamalizana kwa fundi seremala kaiinulia mbuzi kwenye stuli ndefu, sasa anakuna kakaa wima.

Nyumba sasa, hii ifanye leoleo. Ndala zilizolika kama karatasi tupa. Mkeka kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa nta ni mtego, ubandike kwa chini au uondoe njiani. Kizingiti cha chooni kipake rangi nyeupe. Choo cha kuchuchumaa weka bomba la chuma la kushikia ukutani, fundi wa mageti anakuchomelea nusu saa, lichimbiwe kwa saruji sio misumari. Tochi iwe chini ya mto maana umeme ukikatika saa nane usiku na mkojo umembana hatotafuta kiberiti. Kanga inayoburuza apandishe. Na macho apimwe, mtoto wa jicho umeangusha wengi.

Akianguka tena

Kama mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umelala kuelekea nje, hiyo ni nyonga mpaka eksirei iseme vingine. Usivute mguu, usimsimamishe kumjaribu, usiite mchua viungo na mafuta ya nazi, kuna watu wamechuliwa siku nne mfupa uko vipande viwili. Weka mto katikati ya miguu, mlaze kwenye ubao au godoro gumu, gari ambalo analala, bodaboda hapana na bajaji hapana. Nyonga inatakiwa ifanyiwe upasuaji mapema, lengo ni ndani ya saa 48, kwa hiyo siku ya kwanza ndo ya kuhangaika, sio ya kusubiri kaka yenu afike toka Dar. Na eksirei ikitoka safi ila hawezi kukanyaga, rudi, kuna nyufa hazionekani siku ya kwanza.

Kuhusu dawa nimalizie maana hapa watu wanaharibu. Ya kawaida ni alendronati, miligramu 70, mara moja kwa WIKI, inawatuliza wale wabomoaji. Inachoma koo ukiikosea na isipomezwa tumbo tupu haiingii kabisa. Kwa hiyo: asubuhi kabla ya kitu chochote, maji matupu glasi nzima, sio chai, sio maziwa, halafu nusu saa akae wima au atembee, asilale, asiiname, asile. Mwenye matatizo ya kumeza aseme mapema, kuna sindano ya mara moja kwa mwaka, na mwenye figo mbovu naye aseme mapema, maana hata hiyo sindano inaweza isimfae. Akipangiwa kung'oa jino amwambie na daktari wa meno.

Kwetu tumeichagua Ijumaa ili asisahau. Anaswali alfajiri kwanza, maana kwenye sijida kichwa kinashuka na kidonge kinaweza kupanda, akimaliza ndo anameza, anatoka barazani na glasi yake, anakaa wima kama mgeni wa heshima. Muuza maandazi anapita saa kumi na mbili na nusu, anaambiwa aache manne pale kwenye sahani afunike. Mwezi wa Ramadhani dokta alitupangia saa yake nyingine, nanyi muulizeni kabla mwezi haujaandama. Juzi mjukuu kaja kuchukua andazi mapema, kazuiwa kwa fimbo, bado dakika sita.